Bima ya Safari: Soma Kwanza Kile Isicholipa

Somo kwa wakazi wa Kibera na Kawangware wanaojiandaa kusafiri nje ya nchi

Safari ya nje ya nchi si jambo geni tena Kibera na Kawangware. Wako wazee wa Makina wanaokwenda Umra, wafanyabiashara wa Toi wanaofuata bidhaa Kampala, vijana wa michezo wanaoalikwa Ulaya, na akina mama wa Gatina wanaotumiwa tiketi na watoto wao wakawaone wajukuu Uingereza. Karibu wote hushughulikia mambo matatu mapema: pasipoti, viza na nauli. Bima huja mwisho, mara nyingi jioni ya kuamkia siku ya miadi ya viza, na hununuliwa kwa swali moja tu: ipi ni ya bei ya chini?

Swali hilo peke yake huziponza familia. Msafiri akilazwa ugenini, au akifariki huko, mzigo haumwishii yeye. Hufika kwa chama, kwa kanisa au msikiti, kwa kikundi cha WhatsApp cha watu wa nyumbani, na mwishowe kwa harambee. Wakazi wengi wamewahi kuchanga ili mwili wa jirani urejeshwe. Bima iliyochaguliwa vizuri hugharimu sehemu ndogo ya nauli, na inaweza kuiepusha familia na mchango huo. Iliyochaguliwa vibaya hutoa karatasi ya kuonyesha wakati wa kuomba viza, kisha isilipe chochote siku inapohitajika. Somo hili linaeleza jinsi ya kuzitofautisha hizo mbili.

Bima ya safari ni nini, na si nini

Bima ya safari ni mkataba wa muda mfupi. Msafiri hulipa ada mara moja, nayo kampuni huahidi kulipia hasara fulani zikitokea kati ya tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi. Kwa kawaida mkataba huwa na sehemu tano:

1. Matibabu ya dharura: ugonjwa wa ghafla au ajali.
2. Kusafirishwa kwa mgonjwa hadi hospitali nyingine au kurejeshwa Kenya.
3. Kurejeshwa kwa mwili iwapo msafiri atafariki.
4. Mizigo na stakabadhi: begi lililopotea au pasipoti iliyoibwa.
5. Safari kuahirishwa au kukatizwa kwa sababu zilizotajwa, kama vile kifo cha mtu wa karibu.

Uzito wa sehemu hizi haulingani. Begi likipotea, msafiri atakosa nguo. Akilazwa wiki mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi, huenda familia ikauza shamba. Kwa hiyo sehemu tatu za kwanza ndizo za kuamua ni bima ipi inunuliwe, na mbili za mwisho ni nyongeza.

Kadi ya SHA haichukui nafasi ya bima ya safari. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hulipia huduma katika vituo vya afya ilivyoingia navyo mkataba. Aliyezoea kutibiwa Mbagathi kwa kadi hiyo asitarajie kuitoa mfukoni akiwa hospitalini Dubai.

Vilevile, bima ya safari haikusudiwi kulipia matibabu ambayo msafiri ameyafuata. Anayekwenda India kufanyiwa upasuaji uliopangwa hatalipiwa upasuaji huo. Msindikizaji wake, hata hivyo, anaweza kukatiwa bima ya kawaida, na inafaa afanyiwe hivyo, kwa kuwa msindikizaji naye huugua.

Kila nchi na masharti yake

Kabla ya kulinganisha bei, msafiri aangalie anakokwenda.

Ulaya ya Schengen. Nchi 29 zinatumia viza moja ya muda mfupi, zikiwemo Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Italia, Uswidi na Norwe. Sheria yake ya viza inadai bima yenye kikomo kisichopungua euro 30,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 4. Ni lazima bima hiyo itumike katika nchi zote za eneo hilo, idumu siku zote za ziara, na ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini, na kurejeshwa nyumbani kwa mgonjwa au kwa mwili. Bima iliyoandikwa jina la nchi moja tu, au inayokwisha siku mbili kabla ya tarehe ya kurudi, inaweza kusababisha viza ikataliwe.

Uingereza. Bima si sharti la viza ya mgeni, na hapo ndipo wengi hudhani kuwa matibabu ni ya bure. Kuonwa katika idara ya dharura hakulipishwi, lakini mgeni wa muda mfupi akilazwa hutozwa asilimia 150 ya bei ambayo huduma ya afya ya nchi hiyo imejiwekea. Nyanya aliyekwenda kuona wajukuu akianguka na kuvunjika nyonga, bili humfuata mwenyeji wake.

Marekani. Bima haidaiwi wakati wa kuomba viza ya matembezi, ingawa gharama za hospitali huko ni miongoni mwa zilizo juu zaidi duniani. Bima nyingi huuzwa kwa bei mbili, moja ikijumuisha Marekani na Kanada na nyingine ikiziacha nje. Maneno “dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada” huandikwa kwa herufi ndogo, lakini uzito wake ni mkubwa.

Saudi Arabia. Viza ya Umra huja na bima ya afya ndani yake. Bima hiyo ina kikomo, na inahusu Saudi Arabia. Anayekaa siku kadhaa Dubai au Cairo njiani anahitaji bima ya siku hizo pia. Familia ya Kiislamu iangalie jambo moja zaidi. Mahujaji wengi wanaofariki huzikwa huko huko, kwa hiyo sehemu ya kurejesha mwili inaweza isiwafae. Waulize kama kampuni hulipia mazishi ugenini badala ya usafirishaji.

Zanzibar. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni kutoka nje wamekuwa wakitakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 kwa mtu mzima, inayotumika hadi siku 92. Bima iliyonunuliwa kwingine haichukui nafasi ya hiyo. Mkazi anayetaka kutembelea Unguja athibitishe masharti yanayowahusu raia wa Afrika Mashariki kabla ya kulipia tiketi.

Uganda na Rwanda. Mkenya huingia kwa kitambulisho cha taifa, na bima ya safari haidaiwi mpakani. Anayeendesha gari lake ndiye anayehitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari kwa madhara yatakayowapata watu wengine. Abiria wa basi asidhani kuwa kadi ya gari inamlipia kila ugonjwa utakaompata Kampala. Malaria kali haina uhusiano na basi.

Kisomwe kwanza kile isicholipa

Kila mkataba una kurasa za faida na kurasa za mambo yasiyolipiwa. Wakala huonyesha za kwanza. Msafiri makini aanze na za pili, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kama bima inamfaa yeye hasa. Yafuatayo hutajwa mara kwa mara.

Ugonjwa uliokuwepo. Kisukari, shinikizo la damu, pumu, ugonjwa wa figo au wa moyo. Baadhi ya mikataba haiyalipii kabisa. Mingine hulipia dharura inayotokana nayo hadi kiasi kidogo. Mwenye ugonjwa wa aina hii aueleze kwenye fomu. Kuuficha ili ada ipungue ni kulipia bima isiyo na kazi, kwani kampuni ikigundua kutoka kwa rekodi za hospitali inaweza kukataa dai lote.

Umri. Kampuni nyingi huongeza ada, hupunguza kikomo au hukataa kabisa msafiri akipita umri fulani. Anayemkatia mzazi bima asome umri wa mwisho ulioandikwa, wala asitosheke na neno la simu.

Ujauzito. Wiki za ujauzito huwekewa mpaka. Kujifungua kwa kawaida mara nyingi hakulipiwi.

Michezo ya mashindano. Timu za MYSA, shirika la michezo ya vijana lililoanzishwa Mathare mwaka 1987, zimeshiriki mashindano ya Norway Cup mjini Oslo, na vikundi vya mitaa mingine hupata mialiko kama hiyo. Bima ya mtalii inaweza kukataa kulipia mguu uliovunjika katika mechi ya mashindano. Kocha adai iandikwe wazi kwamba mchezo husika umejumuishwa, na kwamba majina ya wachezaji wote yamo katika orodha ya kikundi kama yalivyo kwenye pasipoti.

Pikipiki. Kupanda pikipiki bila kofia ya kujikinga, au kuiendesha bila leseni, huweza kufuta malipo. Aliyezoea bodaboda za Kawangware akumbuke hilo akiwa Kampala au Kigali.

Pombe na dawa za kulevya. Ajali inayotokea msafiri akiwa amelewa kwa kawaida hailipiwi.

Kazi. Bima ya mtalii haimlindi anayekwenda kufanya kazi. Msichana anayepewa viza ya matembezi pamoja na bima ya siku 30, kisha akaambiwa ataanza kazi za nyumbani akifika Ghuba, hana bima ya kazi hiyo. Anayekwenda kuajiriwa apitie kwa wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba wake wa kazi uonyeshe ni nani anayelipia matibabu yake kwa muda wote wa kazi.

Hesabu ya bima mbili

Tuseme msafiri wa siku 14 ameletewa bima mbili. Takwimu hizi ni za mfano tu, kwa ajili ya zoezi.

Bima ya kwanza: ada ni shilingi 2,500. Kikomo cha matibabu ni dola 10,000. Msafiri hujilipia dola 200 za mwanzo katika kila dai.

Bima ya pili: ada ni shilingi 4,300. Kikomo ni dola 50,000. Msafiri hujilipia dola 50 za mwanzo.

Msafiri anapata tatizo la kidole tumbo na kufanyiwa upasuaji. Bili ni dola 14,000. Bima ya kwanza inalipa kikomo chake, dola 10,000, na kumwachia msafiri dola 4,000. Bima ya pili inalipa dola 13,950 na kumwachia dola 50. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, wa kwanza anadaiwa shilingi 520,000, na wa pili shilingi 6,500. Tofauti ya ada ilikuwa shilingi 1,800. Tofauti ya deni ni shilingi 513,500.

Mfano huu haumaanishi kwamba bima ghali ndiyo bora kila mara. Ada inaweza kupandishwa na fidia ya kompyuta, kamera na mizigo ya thamani ambayo msafiri hana. Mwenye begi moja la nguo hana haja ya kulipia hayo. Alinganishe mambo manne kwa mpangilio huu: kikomo cha matibabu, kurejeshwa kwa mgonjwa au mwili, kiasi cha kujilipia mwenyewe, kisha bei.

Kuhusu mizigo, msafiri wa ndege ana kinga hata bila bima. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama, shirika la ndege huwajibika kwa begi lililopotea, lililoharibika au lililochelewa, hadi kikomo kinachokaribia dola 2,000. Malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu lifike mikononi mwa mwenyewe. Ripoti ichukuliwe pale pale uwanjani kabla ya kutoka.

Kununua bila kutapeliwa

Bima ya safari huuzwa na kampuni za bima, mawakala wao, baadhi ya benki na maduka ya tiketi. Pia huuzwa na watu wasio na leseni ambao huchapisha cheti kwenye saiba na kubadilisha jina tu. Cheti bandia kikigunduliwa, viza inaweza kukataliwa, na maombi yanayofuata yakaathirika. Kisipogunduliwa ni hatari zaidi, maana mwenye nacho husafiri akiamini ana kinga.

Hatua hizi zinasaidia:

Kwanza, athibitishe leseni. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hutoa orodha ya kampuni na mawakala walioidhinishwa kila mwaka. Orodha hiyo ipo kwenye tovuti yake. Ofisi zake ziko Upper Hill, mwendo mfupi kutoka Kibera.

Pili, alipe kwa kampuni. Pesa ziende kwenye nambari ya Paybill au akaunti yenye jina la kampuni, kamwe zisitumwe kwa simu ya mtu binafsi. Ujumbe wa M-Pesa uhifadhiwe.

Tatu, apige simu kwa kampuni yenyewe, kwa nambari aliyoipata kwenye tovuti rasmi, asome nambari ya cheti na kuuliza kama imo katika kumbukumbu zao.

Nne, adai mkataba wote. Cheti cha ukurasa mmoja hakionyeshi mambo yasiyolipiwa.

Tano, akague jina, nambari ya pasipoti na tarehe. Herufi moja ikikosewa, irekebishwe kabla ya safari.

Sita, aulize kama atarudishiwa ada viza ikikataliwa, ni stakabadhi gani zinahitajika, na mwisho wa kuomba ni lini.

Likitokea la kutokea

Madai mengi hukwama kwa sababu ya hatua za mwanzo. Kila mkataba una nambari ya simu ya dharura inayopokewa saa 24. Nambari hiyo iandikwe mahali patatu: kwenye simu ya msafiri, kwenye karatasi ndani ya pasipoti, na kwa mtu mmoja aliyebaki nyumbani. Huyo wa nyumbani apewe pia nakala ya cheti. Msafiri aliyezirai hawezi kupiga simu, na ndugu asiyejua jina la kampuni hawezi kumsaidia.

Anayelazwa, au aliye naye, apige simu hiyo kabla ya matibabu makubwa, au mara tu hali inaporuhusu. Kampuni huweza kuielekeza hospitali, kutoa dhamana ya malipo na kupanga usafiri. Familia inayojipangia ndege ya kumrejesha mgonjwa bila idhini ya kampuni inaweza kukataliwa fidia, hata kama ilifanya hivyo kwa nia njema. Ndivyo ilivyo pia kwa kurejesha mwili: simu kwa kampuni itangulie malipo kwa mochari au shirika la ndege. Ubalozi wa Kenya nao uarifiwe, kwa kuwa husaidia katika stakabadhi.

Karatasi zote zitunzwe: ripoti ya daktari, risiti, maagizo ya dawa, na ripoti ya polisi ikiwa ni wizi au ajali. Risiti isiyo na jina la mgonjwa ina thamani ndogo mbele ya mkaguzi wa madai.

Kampuni ikikataa kulipa, mwenye bima aombe sababu kwa maandishi, zikitaja kifungu cha mkataba. Akiona hazitoshi, awasilishe malalamiko kwa IRA pamoja na nakala za mkataba na barua. Kwa dai la pesa lisilozidi shilingi milioni 1, ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 na ambayo hairuhusu kesi kukaa kwa miaka.

Zoezi la nyumbani au la chama

Wanachama wachukue mkataba mmoja halisi wa bima ya safari, waugawe kurasa, kisha wajibu maswali haya kwa kuonyesha kifungu:

1. Kikomo cha matibabu ni kiasi gani, na kwa nchi anakokwenda msafiri kinatosha?
2. Msafiri akifariki, nani hupanga na kulipia kurejeshwa kwa mwili au mazishi huko huko?
3. Ugonjwa alionao msafiri leo umetajwa wapi?
4. Atakachokwenda kufanya, kama ni mechi, biashara au ibada, kimeruhusiwa au kimekatazwa?
5. Ni kiasi gani atajilipia mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa?
6. Nambari ya dharura ni ipi, na nyumbani nani anayo?

Swali lolote likikosa jibu, wakala aulizwe na ajibu kwa maandishi. Akishindwa, bima hiyo isinunuliwe. Kuuliza hakugharimu chochote, na zipo kampuni nyingine zenye leseni. Zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya safari, bado kuna nafasi ya kubadilisha. Msafiri akishapanda ndege, aliyoinunua ndiyo aliyo nayo.